Nilivyompeleka Makame Maskati

Niliondoka Kingoje kwa sababu ya jicho la mtu mwingine. Lilikuwa jicho la Makame, fundi cherehani, mtu wa miaka thelathini na minne, na mimi ndiye niliyemtuma mahali alipoumia. Nimeulizwa mara nyingi habari za Maskati, na kila mara nimejibu juu juu, kwamba ni mji safi na watu wake wakarimu. Safari hii nitaisimulia yote.

Kingoje ni kisiwa kidogo. Ukitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, unaweza kukizunguka chote kwa miguu na ukarudi kabla ya adhuhuri. Polisi walikuwa ng'ambo, mwendo wa saa tatu kwa boti, na walikuja siku walizopata mafuta. Basi tukajilinda wenyewe. Kikosi chetu cha kujitolea kilikuwa na watu ishirini na wawili, wakulima, mafundi, wakulima wa mwani, muuza maandazi mmoja, na mimi, Raya, mwalimu wa darasa la nne. Walinichagua mkuu wao kwa kuwa nilipita mafunzo ya mgambo nikiwa msichana. Bunduki hatukuwa nazo. Tulikuwa na filimbi, marungu, boti moja ya mashine na sare za khaki alizotushonea Makame. Tulizima moto wa mapaa ya makuti, tuliwatafuta waliopotea baharini, na tuliwafukuza watu wa baruti, wale waliokuja kutoka mbali kulipua matumbawe yetu ili wazoe samaki kwa mkupuo.

Asubuhi moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, boti ya watu wa baruti ilionekana upande wa kusini. Kabla sijapuliza filimbi, mama mmoja aliyekuwa akikata mwani alinijia mbio akaniambia amewaona wale watu wakitia tambi kwenye chupa. Maana yake baruti ilikuwa imeshafungwa, tayari kuwashwa. Nilimshukuru, nikapuliza filimbi, wakaja watu wanane. Sikuwaambia habari ya zile chupa. Niliogopa nusu yao wangerudi nyumbani. Nikajipa moyo kwamba nitawaambia tukiwa njiani, na njiani pia sikusema. Tulipoisogelea ile boti, Makame, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza, aliruka akaingia ndani yake kumnyang'anya mtu kitu alichodhani ni chupa ya mafuta ya taa. Ililipuka mtu yule alipokuwa ameshaitupa, ikiwa karibu tu na ubavu wa boti. Wengine tulipata michubuko. Makame alifunikwa uso kwa damu, tukamvuta kwenye boti yetu, na wale watu wakatoroka.

Baada ya siku ile jicho lake la kulia lilikufa, na la kushoto likaanza kufunga ukungu. Na kikosi kikafunga ukungu vilevile. Kila nilipopuliza filimbi walikuja sita, kisha wanne. Bi Tatu, mama yake Makame, alipita mbele ya shule kila siku bila ya kunitazama.

Miezi mitano baadaye ilikuja barua kutoka Maskati. Bi Zuwena, mzaliwa wa Kingoje aliyeondoka utotoni pamoja na wazee wake, alikuwa amezisikia habari zetu kwa jamaa. Aliandika kwamba amezungumza na daktari wa macho, naye amekubali kumtazama mgonjwa. Jamaa wa Kingoje waliopo huko watashughulikia mengine yote, ila aje na mtu wa kumwongoza. Bi Tatu hakuwahi kupanda hata gari. Makame akasema, "Nitakwenda na Mwalimu Raya." Hakujua nilivyojisikia kwa neno lile.

Uwanja wa ndege wa Unguja tulifika mapema mno. Makame alikuwa amevaa koti aliloshona zamani kwa harusi ya ndugu yake, na miwani nyeusi. Nilimshika kiwiko. Ndegeni aliniomba nimweleze kila ninachokiona dirishani, nikamweleza mawingu, kisha bahari, kisha nchi kavu ya rangi ya tangawizi isiyo na mti hata mmoja. Alicheka. "Mwalimu, unanipeleka mahali ambapo hata kuku hana pa kujificha?"

Maskati tulishuka wakati wa alasiri. Mlango wa ndege ulipofunguliwa joto lilitupiga kama mtu amefunua sufuria ya wali. Bi Zuwena alikuwa akitungoja mwenyewe, mama wa makamo, mnene kidogo, aliyevaa buibui na kujifukiza udi. Alimkumbatia Makame kwanza, kisha mimi.

"Karibuni wanangu, karibuni nyumbani," alisema. "Mimi nimetoka Kingoje nna miaka saba, lakini kila nnapofunga macho nnaiona ile njia ya kisimani. Wanangu wananambia, mama unaota."

Akageuka kuzungumza na dereva kwa Kiarabu, akarudi kwenye Kiswahili katikati ya sentensi ile ile. Nilikuja kuona kwamba ndivyo wanavyozungumza wote katika nyumba ile.

Bawshar ndipo alipoishi Bi Zuwena. Ni mtaa wa majumba meupe yaliyozungushiwa kuta, na kila mahali panakwendwa kwa gari, hata dukani. Nyuma ya nyumba majabali yamesimama makavu, yenye makali, kana kwamba yamevunjwa jana. Tulipewa vyumba viwili vya ubaridi na tukapewa chakula mpaka tukaomba amani. Palikuwa na wali wa nazi, papa mkavu, na baada yake halua na kahawa chungu. Nduguye Bi Zuwena, Bwana Nassor, aliishi nyumba ya pili. Alikuwa mstaafu, aliyefanya kazi ya ulinzi wa pwani kwa miaka mingi, mrefu, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Alipojua kwamba mimi ni mkuu wa walinzi wa kujitolea alisimama akanipigia saluti ya kweli. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya tatu tulikwenda hospitali. Daktari, Mhindi mpole mwenye sauti ndogo, alimtazama Makame kwa muda mrefu. Muuguzi aliyetutafsiria alikuwa Mkenya, Sista Wanjiru, aliyezoea kuwatuliza watu.

"Jicho la kulia, daktari anasema pole, hilo limeenda," alisema. "Lakini hili la kushoto, kile kishindo kilililetea mtoto wa jicho. Hiyo wanaweza kutoa. Shida ni moja tu, bado kuna uvimbe ndani. Mtaweka dawa wiki mbili, halafu ndio operesheni."

"Nitaona?" Makame aliuliza.

Sista Wanjiru alimtazama daktari, daktari akajibu. "Anasema anatumaini. Hawezi kuahidi. Nyuma ya huo ukungu hawezi kuona kama kuna kitu kingine kimeharibika mpaka afungue."

Wiki zile mbili zilikuwa ndefu. Kila baada ya saa chache nilimtia matone, na kila nilipoinama juu ya uso wake nilikiona kile nilichokifanya. Alinishukuru kila mara. "Ahsante Mwalimu. Mungu akuweke." Nilikuwa napokea shukrani kama mtu anayepokea mzigo wa wizi.

Ruwi, mtaa wa biashara, Makame mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda. Alikuwa amesikia kwa watu wa nyumbani kwamba huko ndiko kwenye maduka ya washonaji. Bi Zuwena akatupeleka siku ya Jumamosi, tukapita mabenki na kituo cha mabasi, tukaingia katika vichochoro vya maduka ambako wafanyakazi wa kila nchi huuza na kununua, na Kiswahili cha bara nilikisikia mara mbili, kwa akina dada wa Kitanzania waliokuwa wakichagua vitenge. Tukasimama mbele ya karakana yenye vyerehani saba. Mafundi wake walikuwa Wabangali, wakishona kanzu za Kiomani zenye kishada shingoni. Makame aliomba apapase kola moja. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huyu ni fundi," alisema. Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza. "Lakini cherehani kile cha pembeni, upande wa kulia, mkanda wake umelegea. Mwambieni kabla haujakatika."

Bi Zuwena akatafsiri kwa Kiarabu. Fundi yule akacheka, akadhani ni mzaha wa kipofu, kisha akainuka akautazama mkanda. Kweli ulikuwa umelegea. Wote saba wakasimamisha kazi wakaja kumpa mkono, na mwenye duka akatuletea chai ya maziwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali nimwone Makame amekaa wima namna ile.

Bandari ya Sultan Qaboos, huko Mutrah, alinipeleka Bwana Nassor siku mbili kabla ya operesheni. Makame alibaki nyumbani, kwa kuwa jua lilimuumiza. Tulisimama nje ya ua, tukatazama meli za mizigo zikipakuliwa na boti nyembamba za doria zilizofungwa mbali kidogo. Bwana Nassor alinionyesha moja ya aina aliyowahi kupanda. Nikamuuliza wao walifanyaje wakikutana na watu wenye silaha. Nilitaka mbinu za kupeleka nyumbani, nilikuwa hata na daftari mkononi.

"Mbinu zipo, nitakwandikia," alisema. "Boti yenye kitu cha kulipuka huisogelei, unakaa mbali, unaandika namba yake, unaita wenzako kwa simu ya upepo. Lakini hayo ni ya baadaye. Sisi kabla ya kutoka, mkuu alikuwa anatwambia kila anachokijua. Hata kibaya. Mtu akenda, anajua anakwendea nini."

"Na kama wakiogopa wakakataa?"

Alinitazama kwa mshangao. "Sasa si bora akatae nchi kavu? Nyinyi watu wenu hawana mshahara, Mwalimu. Wanakupeni miili yao bure. Ukimficha mtu kama huyo, umemwibia."

Sikuandika kitu. Alidhani jua limenipiga, akanirudisha garini na kuninunulia maji.

Njiani kurudi Bawshar nilijua kwamba lazima nimwambie Makame. Nililojiuliza ni lini tu. Nilimwambia Bi Zuwena jikoni, faraghani, maana nilihitaji kulitamka kwa mtu. Aliweka mwiko chini.

"Mngoje kwanza apasuliwe," alisema. "Usimtie moto moyoni sasa hivi, mwanangu. Akishaona atasamehe kwa wepesi."

Nililala na shauri lile na nikaamka sikulitaka. Kama ningengoja nione kwanza kama atapona, ningekuwa nachagua tena wakati unaonifaa mimi. Na kama asingepona, je, ningesema kweli? Nilijijua.

Asubuhi, baada ya chai, tulikaa barazani kwenye kivuli. Nikamtia matone kisha nikasema, bila ya kuzunguka, kwamba siku ile nilijua. Kwamba mkata mwani aliniambia kuhusu chupa na tambi. Kwamba nilinyamaza ili wasibaki nyumbani.

Makame hakusogea. Matone yalimtiririka shavuni na hakuyafuta.

"Ulijua tangu nchi kavu?"

"Tangu nchi kavu."

"Na kwenye boti, nilipokuuliza mbona umenyamaza, ukanambia unahesabu mawimbi."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Yeye hakulisahau.

"Ungenambia ningekwenda," alisema mwishowe. "Wallahi ningekwenda. Lakini nisingeruka. Ningekaa na wewe nyuma, tukapiga makelele." Akainuka, akaushika ukuta, akaufuata mpaka chumbani kwake. Chakula cha mchana alipelekewa huko.

Siku ya operesheni alikuja tayari na koti lake. Nilimpa kiwiko kama kawaida, akapapasa hewani akamtafuta Bi Zuwena. Nilikwenda nyuma yao. Hospitali, Sista Wanjiru aliona mara moja kwamba kuna jambo, lakini hakuuliza. Alimshika Makame mkono, akaniambia, "Mwalimu, wewe keti hapa. Si ya muda mrefu."

Niliketi. Bi Zuwena alisoma Yasini kwa sauti ya chini kando yangu, na alipomaliza alinishika mkono ingawa sikuufuata ushauri wake. Ilipita saa moja na kitu. Mlango ukafunguliwa, Sista Wanjiru akatoka akivua glavu.

"Khalas, imeisha," alisema. "Daktari amefurahi. Bandeji inatoka kesho."

Kesho yake tulikuwa watano chumbani, Makame, daktari, Sista Wanjiru, Bi Zuwena, na mimi nimesimama karibu na mlango. Bandeji ikatolewa polepole. Makame alipepesa jicho, likatoka machozi, akalifunga, akalifungua tena. Daktari akainua vidole.

"Viwili," Makame akasema. Kisha akasema, "Huyu daktari ameshonewa shati na mtu mvivu, kifungo cha pili hakikukaa mahali pake."

Sista Wanjiru alicheka mpaka akashindwa kutafsiri. Bi Zuwena alilia waziwazi. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye ukumbi, nikaegemeza kipaji cha uso ukutani, nikamshukuru Mungu kwa jambo ambalo sikustahili kupewa.

Alinikuta hapo. Alitembea peke yake, polepole, bila ya mtu. Akanitazama kwa lile jicho moja, jekundu bado.

"Umekonda," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nitakusamehe, Mwalimu, ila si leo. Leo bado nna hasira. Lakini nnataka kitu kimoja. Tukifika Kingoje ulisimulie jambo hili mbele ya watu. Si kwa mama yangu peke yake. Kwa kikosi chote. Wamekaa majumbani wakidhani bahati mbaya ndiyo iliyonipata, na kwamba ndivyo kujitolea kulivyo."

Nikamwahidi.

Maskati tuliondoka siku kumi baadaye, daktari aliporidhika. Jamaa wa Kingoje walikuja uwanja wa ndege, wengine ambao hatukuwahi kuwaona, na wakatupa majaketi ya kuokolea ya rangi ya machungwa na simu mbili za upepo. Bwana Nassor alinipa kurasa sita alizoandika kwa mkono, kwa Kiswahili chenye tahajia ya Kiarabu, *khatari* na *khabari* na *khasara*, kila neno limeandikwa kwa uangalifu. Nilikuwa nimeshamweleza yaliyotokea. Hakunipigia saluti safari hii. Alinipa mkono, akaushika kwa muda, na mimi nikaona hiyo ni heshima kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kingoje tulifika saa nne za asubuhi. Bi Tatu alikuwa ndani ya maji mpaka magotini kabla boti haijagusa mchanga. Makame alimwambia, "Mama, umevaa kanga ya kijani," na sina maneno ya kuandika kilichofuata.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, niliwaita watu uwanja wa shule. Walikuja wengi kuliko kikosi, karibu kisiwa kizima, maana walitaka kusikia habari za Maskati. Niliwaambia habari za mkata mwani. Nilisema nilichokijua, na wakati gani nilikijua, na kwa nini nilinyamaza. Nikasema siwezi kuwa mkuu wao tena. Nilipomaliza, kijana mmoja alisimama akaondoka. Mwingine alipiga kelele kwamba nifukuzwe kabisa. Bi Tatu ndiye aliyesimama baadaye. Alisema kwamba kwa miezi yote hiyo alikuwa na chuki na hakujua aiweke wapi, na sasa ameshajua, nayo ni nyepesi zaidi. Alisema nisifukuzwe. Nikae nipokee amri, nione ladha yake.

Wakamchagua Makame mkuu wao. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti kwamba zile kurasa za Bwana Nassor zisomwe kwa sauti, zote sita, pale pale. Nilizisoma mimi. Kabla ya magharibi watu kumi na tisa walikuwa wameandika majina yao, na saba kati yao hawakuwahi kuwa walinzi.

Mwezi haujatimia, boti ya baruti ikaonekana tena. Makame alitukusanya ufukoni, akatuambia, "Boti ni moja. Watu watano. Wana chupa, zimeonekana mbili, huenda zipo zaidi. Hatutaisogelea. Anayetaka kubaki abaki, na asichekwe." Watu wawili walibaki, mmoja wao kwa sababu mkewe alikuwa mjamzito. Hakuna aliyewacheka. Sisi wengine tukavaa majaketi tukatoka.

Tulikaa mbali, tukapiga ngoma na madebe, samaki wote wakakimbia. Tukaandika namba ya boti na tukaita ng'ambo kwa simu ya upepo. Wale watu walitutukana kwa muda, kisha wakawasha mashine. Adhuhuri tulipata habari kwamba polisi walikuwa wakiwangoja walipotia nanga.

Nilikwenda Maskati nikidhani nampeleka mtu akatibiwe, na kwamba mimi ni mzima. Nimejifunza kwamba mtu anayekuja kwa hiari yake ana haki ya kujua zaidi kuliko anayelazimishwa, na kwamba watu wakiambiwa ukweli hawakimbii kama nilivyokuwa nikihofia. Wengi huja.

Tuliporudi siku ile, Makame alisimama kwenye maji na orodha mkononi, ameisogeza karibu na jicho lake zima, na akamwita kila mtu kwa jina kadiri tulivyoshuka. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Mwalimu Raya?"

"Nipo."